Kompyuta ya Maabara na Chipu Zake Nane

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi mliosoma hapa katika miaka ya 1990 na sasa ni watu wazima wenye watoto, hapana shaka mnaikumbuka kompyuta ya rangi ya kahawia iliyokaa juu ya meza ya mwisho katika maabara ya fizikia, karibu na dirisha linalotazama kanisa. Baadhi yenu mmetuambia siku ya wageni kwamba meza ile ndiyo mahali mlipogusa kompyuta kwa mara ya kwanza maishani mwenu. Basi, mimi ndiye niliyeiua. Niliiua kwa muda usiozidi dakika moja, nami nilihitaji muhula mzima kuirudisha. Mhariri alipotaka habari za kutia katika kurasa zetu za Kiswahili, nilikuwa nimekwisha anza kuandika juu ya safari yetu ya kwenda Murchison Falls. Mzee wa Maabara akaniambia, "Hiyo ya viboko kila mtu ameiandika. Andika ile nyingine."

Kompyuta yenyewe ni Commodore 64. Aina hiyo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982, na kampuni iliyoitengeneza ilifilisika mwaka 1994. Yetu ilifika mwaka 1989 ndani ya sanduku la Padri mmoja aliyekuja kufundisha hesabu. Kwa macho ni kama kibodi nene tu, maana kila kitu kimo mle mle chini ya vibonye, na kioo chake ni televisheni yoyote ya kawaida. Mambo yake huhifadhiwa katika kaseti, zile zile ambazo baba zetu walisikilizia nyimbo za Franco.

Vijana wa leo watauliza chombo cha namna hiyo kina faida gani, hali tunacho chumba kizima cha kompyuta mpya. Nitawaeleza. Nyuma ya kanisa kuna kipimamvua. Tangu mwaka 1990 Padri na Mzee wa Maabara waliweka zamu: kila siku saa tatu ya asubuhi mvulana wa zamu alikwenda kusoma mvua iliyonyesha, akaandika milimita zake katika daftari. Mwisho wa mwezi Mzee aliziingiza hesabu zote katika kompyuta, pamoja na herufi za kwanza za jina la kila mvulana aliyepima, kisha akazihifadhi katika kaseti. Padri alikwisha rudi kwao, na madaftari yaliliwa na mchwa katika ghala ya zamani hata yakawa udongo. Zilibaki kaseti kumi na moja ndani ya kopo la biskuti. Mzee anastaafu mwishoni mwa mwaka huu, na nia yake ilikuwa kuzisoma kaseti zote, kuziandika hesabu katika kitabu kimoja kizuri, na kukikabidhi kwa Mkuu wa Shule. Kwa kuzisoma alihitaji kompyuta ile. (Najua sasa kwamba sauti ya kaseti inaweza kurekodiwa na kompyuta ya kisasa na kufasiriwa kwa programu maalum. Wakati ule sikujua, wala Mzee hakujua.)

Sasa nieleze kosa langu. Commodore 64 hupata umeme kutoka adapta ya nje, ambayo hutoa volti 5 za mkondo mnyofu na volti 9 za mkondo geu. Adapta yetu ilikuwa na umri unaozidi wangu mara mbili karibu. Adapta za namna hiyo zikizeeka, ile volti 5 huweza kupanda bila ya mtu kutambua, na chipu za kumbukumbu ndizo hufa mwanzo. Mzee alilijua jambo hilo. Alikuwa ameacha kuitumia kompyuta kwa miaka kadhaa, akabandika karatasi ukutani yenye maneno mawili: PIMA KWANZA. Mita ya kupimia aliiweka rafuni palepale.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni 2024 nilipewa ufunguo nifagie maabara. Nilikuwa Kidato cha Tano, tena mnyapara wa sayansi, na wavulana wawili wa Kidato cha Pili walikuwa wamenifuata. Nikataka waone ujuzi wangu. Niliunganisha televisheni, nikachomeka adapta, nikawasha. Kioo kikawa cha buluu, maandishi yakatokea, tukacheka kwa furaha. Kisha herufi zikageuka alama zisizo na maana, kioo kikawa cheusi, basi. Niliwasha tena mara tatu. Cheusi. Nikachomoa, nikaifunika kwa kitambaa chake kama ilivyokuwa, nikafunga mlango. Wale wadogo niliwaambia wanyamaze, nao walinyamaza kwa uaminifu ambao mimi sikuwa nao.

Baada ya wiki mbili Mzee akaja na adapta mpya aliyoundiwa mjini Arua. Fundi alichukua chaja ya simu kwa zile volti 5, akaongeza transfoma ndogo kwa zile 9. Mzee aliipima mbele yangu: 5 na pointi kidogo. Akawasha. Cheusi. Akakaa kimya, kisha akaichukua adapta ya zamani akaipima nayo: 7.4. Akasema polepole, "Pengine imekufa yenyewe kwa uzee." Nami nikajibu, "Pengine, Mzee." Maneno hayo mawili yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki, maana aliyasikia akatikisa kichwa, akaenda kuosha mikono.

Nadhani ni kwa sababu hiyo nilijitolea kuifungua. Chini ina skurubu tatu tu. Ndani nilikuta bodi moja ndefu, na upande mmoja chipu nane za namna moja, kila moja imeandikwa 4164. Hizo ndizo kumbukumbu zake kuu. Tuliwasha, tukangoja dakika moja, nikazigusa moja moja kwa ncha ya kidole. Saba zilikuwa na joto la kawaida. Moja iliniunguza.

Mtu atauliza: ikiwa saba ni nzima, mbona kompyuta nzima imekufa? Sikilizeni. Chukueni kitabu chenye maneno 65,536, kila neno lina herufi nane. Wavulana wanane wakabidhiwe kazi ya kukihifadhi kichwani: wa kwanza ahifadhi herufi ya kwanza ya kila neno, wa pili herufi ya pili, na kadhalika. Siku yule wa tano akiugua, hakuna hata neno moja katika kitabu kizima litakalosomeka sawasawa. Ndivyo zilivyogawana kazi chipu hizo nane. Kila moja ina biti 65,536, na kila baiti ya kompyuta imekatwa vipande vinane.

Nilijifunza pia kwamba kumbukumbu za namna hii zina tabia ya kusahau. Kila biti ni chaji ndogo mno ya umeme iliyowekwa nyuma ya transista moja. Mtu aliyeuvumbua mpango huo ni Robert Dennard wa kampuni ya IBM, mwaka 1966. Ni mpango rahisi, na ndiyo maana chipu zilipata kuwa na nafasi nyingi kwa bei ndogo. Walakini chaji huvuja, na isiposomwa na kuandikwa upya baada ya kila muda wa elfu chache za sekunde, hupotea. Ikiwa umewasha Commodore 64, hata kama huigusi, ndani kuna chipu ya picha inayozunguka usiku na mchana ikizikumbusha zile nane yale zinayojua.

Basi, tupate chipu moja ya 4164. Niliona ni jambo dogo. Kumbe viwanda viliacha kuzitengeneza zamani, maana nani atazitaka? Simu yenye gigabaiti 4, ambayo wengi wenu mnayo mfukoni, ina kumbukumbu mara 65,536 ya kompyuta yetu. Hata Intel, waliouza chipu ya kwanza maarufu ya aina hii mwaka 1970 ikiwa na biti 1,024 tu, waliiacha biashara hiyo mwaka 1985. Zilizobaki duniani ni zilizotolewa katika vyombo vibovu au zilizosahauliwa katika maghala.

Kaka yangu anafanya kazi Kampala. Nilimtumia shilingi 40,000, akiba yangu ya muhula, akazunguka maduka ya vipuri vya redio. Katika duka moja wakamwambia zipo, tena mpya. Alinunua nne, akazituma kwa basi la usiku. Zilifika zimefungwa vizuri, zinang'aa, maandishi meupe safi: 4164. Nilifurahi nikawaonyesha watu. Mzee aliziweka chini ya lenzi akazigeuza. Tumboni, moja ilikuwa na jina la Malaysia, nyingine Korea, mbili hazikuwa na kitu. Lakini mgongoni zote zilikuwa na muhuri wa kampuni moja na tarehe moja. Tarehe za chipu huandikwa kwa tarakimu nne, mbili za mwaka na mbili za wiki, hivyo 8432 ni wiki ya 32 ya mwaka 1984. Vipi basi vitu vya wiki moja ya kiwanda kimoja vikawa na matumbo matatu mbalimbali? Mzee alitumwagia asetoni kidogo ya maabara ya kemia juu ya kitambaa, nikafuta. Maandishi yote yakatoka, na chini yake plastiki ilikuwa imesuguliwa kwa msasa. Mpaka leo sijui zilikuwa chipu za kitu gani. Kaka alirudi dukani, wakamwambia hawamjui.

Sitaki kudanganya: usiku ule nililia. Si kwa ajili ya fedha peke yake.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa nikaenda Arua kwa yule fundi aliyetuundia adapta. Ni mzee wa Kikongo, mzaliwa wa upande wa Ariwara, ana kibanda kando ya soko ambamo redio zimerundikwa hata darini. Hapendi Kiingereza, nami lugha ya kwao siijui, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, chake cha kule na changu cha darasani. Wote humwita Papa, nami nikamwita hivyo.

Nikamwambia, "Shikamoo, Papa. Natafuta chipu ya kumbukumbu, 4164."

Akanitazama. "Hiyo iko ya zamani sana, mutoto yangu. Mimi mwenyewe nilitupa nyingi."

Nilimweleza habari za mvua na za mchwa. Habari za adapta sikumweleza. Akafikiri, akainuka, akatoa nyuma ya pazia bodi kubwa ya kompyuta ya ofisi, ya aina ya 286, iliyokuwa imening'inizwa msumarini. Alikuwa amengoja wale wanunuzi wa bodi kwa kilo. Betri yake ilikuwa imepasuka ikamwaga maji yake, na pembe moja ya bodi ilikuwa ya kijani kama shaba ya kanisani. Lakini katika sehemu iliyobaki zilipangwa chipu, safu juu ya safu, tena ndani ya soketi, si za kulehemiwa. Nilizihesabu: 36. Umbo ni lile lile, miguu 16. Moyo wangu ukapiga. Nikasoma maandishi: 41256.

"Si zenyewe, Papa," nikasema.

"Iko kubwa kuliko yako," akajibu. "Kubwa inaweza kukaa mahali pa kidogo. Kidogo ndiyo haiwezi kukaa mahali pa kubwa. Enda usome miguu yake."

Bei yake ilikuwa Jumamosi mbili za kazi: kupanga skurubu zake katika makopo, na kuondoa lehemu kwenye redio mbovu. Nilifanya, na kazi hiyo ya pili ilinisaidia baadaye kuliko masomo mengi.

Nilisoma miguu yake, kama alivyosema. Nawaomba wale wasiopenda hesabu wanivumilie hapa, maana ndipo palipokuwa na ufunguo. Chipu ya 4164 ina nafasi 65,536, na kuitaja nafasi moja kati ya hizo kunahitaji anwani ya biti 16. Lakini chipu nzima ina miguu 16 tu, na mingine ni ya umeme, ya kuingizia na ya kutolea. Watu wa kampuni ya Mostek mwaka 1973, katika chipu yao ya biti 4,096, waliupunguza mzigo huo kwa hila ya kupeleka anwani mara mbili: kwanza nusu yake, yaani nambari ya mstari, kisha nusu ya pili, yaani nambari ya safu, kwa miguu ile ile. Kwa hiyo 4164 ina miguu minane ya anwani, na nane mara mbili ni 16. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Ukiongeza mguu mmoja tu, nafasi hazizidi mara mbili bali mara nne, kwa kuwa mguu huo hutumika mara mbili. Miguu saba hutoa nafasi 16,384, minane, 65,536, tisa, 262,144. Na hizo 262,144 ndizo za 41256.

Ule mguu wa tisa waliuweka wapi? Niliziweka karatasi mbili za maelezo pamoja wakati wa masomo ya usiku, nikafuatisha kwa kidole. Miguu kumi na mitano ni sawa kabisa. Tofauti ni mguu wa 1 peke yake. Katika 4164 mguu wa 1 ni mtupu, hauna kazi yoyote. Katika 41256 ndio huo wa tisa.

Ukiuacha ukining'inia bila kitu, chipu itasikia kelele za umeme ikadhani ni anwani. Utaandika chumba hiki, uje usome chumba kingine. Lakini ukiufunga kwa waya kwenye mguu wa 16, ambao ni wa ardhi na uko mkabala nao kwenye ncha ile ile ya chipu, basi mguu huo husema sifuri siku zote. Chipu itatumia robo moja ya vyumba vyake, na robo tatu zitalala. Waya wenyewe hauzidi urefu wa ukucha.

Lilibaki suala la kusahau. 41256 hutaka mistari yake 256 ikumbushwe yote katika elfu 4 za sekunde. Je, kompyuta yetu huikumbusha kwa kasi hiyo? Chipu yake ya picha hukumbusha mistari mitano kila inapochora mstari mmoja wa televisheni, na mstari mmoja wa televisheni ya huku kwetu huchukua milioni 64 hivi za sekunde. 256 kwa 5 ni 51 na kidogo. Mara 64, ni kama elfu 3.3 za sekunde. Imepona. Nilifanya hesabu hiyo mara tatu, kisha nikamwamsha jirani yangu nikamwonyesha, naye akanitukana akalala tena. Kwa upande wa kasi hatukuwa na shida, maana zile za Papa zilikuwa za nanosekunde 120, na zetu za zamani za 200. Mwepesi anaweza kumngoja mzito.

Katika 36, nne zilikuwa karibu na betri, miguu yake imeoza. Moja niliivunja mguu kwa haraka yangu. Zikabaki 31. Papa alitoa na soketi kadhaa kwenye bodi ile ile, hakutaka chochote zaidi.

Siku ya kuitoa chipu iliyokufa tulikuwa wawili tu, mimi na Mzee, naye ameshika tochi. Chipu za kompyuta yetu zimelehemiwa bodini, na ukijaribu kuing'oa nzima utang'oa na njia nyembamba za shaba chini yake. Dawa yake ni kuitoa kafara: unaikata miguu yote 16 kwa koleo kali, unaondoa mwili, kisha unatoa mguu mmoja mmoja kwa chuma cha kulehemia. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma. Nilikuwa nimeshika koleo, na mkono ulikataa.

Nikasema, "Mzee, haikufa kwa uzee. Mimi ndiye niliyeiwasha kwa adapta ya zamani."

Mwanga wa tochi haukutikisika. "Najua," akasema. "Siku ile uliposema 'pengine', mita ilikuwa na vumbi rafuni. Hakuna aliyeigusa. Lakini adapta ilikuwa haina vumbi." Akangoja kidogo. "Kata mguu wa kwanza. Na kuanzia kesho mvua utapima wewe, kila siku, mpaka umalize shule."

Nikakata.

Nililehemu soketi, nikapitisha waya mwembamba kutoka mguu wa 1 mpaka wa 16, nikaichomeka chipu. Mzee akapima adapta (nilimpelekea mita mimi mwenyewe), tukawasha. Kioo kikawa cha buluu. Sikupiga kelele, nilikaa chini tu.

Lakini Mzee hakufurahi. Alikuwa ameinama anasoma. Kompyuta hii ikiwaka huandika ni baiti ngapi zilizo huru kwa programu, na hesabu hiyo, wanaoijua wanaijua kama jina la mama yao, ni 38911. Kioo chetu kilisema 22527.

Hapo ndipo nilipoipenda kweli kompyuta hiyo. Inapoamka hujipima yenyewe: huandika alama katika kila nafasi na kuisoma, ikipanda ngazi kwa ngazi, na pale itakapopata jibu baya husimama na kusema kumbukumbu zangu zimeishia hapa. Programu huanzia nafasi ya 2049. Ukijumlisha 22527 unapata 24576. Maana yake ilikuwa ikituambia mahali hasa ilipoumia. Niliandika kwa mkono wangu 255 katika nafasi ya 24576, yaani biti zote nane ziwe moja, nikaiambia inisomee. Ikajibu 247. Pungufu ni 8. Biti yenye thamani ya 8 ni moja tu kati ya nane, na ramani ya bodi inaonyesha biti hiyo imo katika chipu ipi. Chipu hiyo haikuwa ya moto, haikuonyesha dalili yoyote; ilikuwa imesahau chumba kimoja tu. Tuliikata nayo. Njia moja ya shaba ilinyanyuka mara hii, nikaiunga kwa waya. Tukawasha: 38911.

Mashine ya kaseti ilitaka mpira mpya tu. Tukatia kaseti ya kwanza kabisa, tukabonyeza. Mara kioo kikafutika chote. Nilishtuka nikanyosha mkono kuchomoa, Mzee akanishika. "Husoma hivyo," akasema. "Hufumba macho." Tuliisikiliza mashine ikizunguka kwa dakika nyingi, maana husoma kama baiti 50 tu kwa sekunde. Kisha maandishi yakarudi, na nyuma yake mvua ya mwezi wa Machi 1990, siku kwa siku, na mwisho wa kila mstari herufi za mvulana aliyekwenda nyuma ya kanisa saa tatu ya asubuhi. Mzee alizisoma herufi hizo kwa sauti na kutaja majina kamili, bila kukosea, hata alipofika mwezi wa Mei. Hapo akanyamaza kwenye jina moja, akavua miwani, akaifuta.

Mpaka sasa tumesoma kaseti tisa, nami naandika kitabu. Nyingi za herufi hizo ni zenu ninyi mnaosoma ukurasa huu. Mkifika siku ya wageni mtazikuta, na mvua yenu pia, pamoja na zile siku chache ambazo Mzee anasema mlilala mkaandika sifuri. Chipu 29 zilizobaki nimezifunga katika karatasi ya alumini ndani ya kopo la maziwa, kabati la pili, na shule yoyote yenye kompyuta ya namna hii inaweza kumwandikia Mzee kabla ya Desemba. Kaseti mbili bado zinatushinda. Ile ya mwaka 1996 hulia kama panya na haisomeki hata robo. Ikiwa yuko mtu wa mwaka huo aliyeondoka hapa na daftari la mvua katika sanduku lake, hata kwa makosa, tafadhali alilete.